Kasa tumweke safu ipi? Kumfundisha mwanafunzi mikakati ya kuzaana kwa viumbe wa pwani yetu

Maalim_Langoni

Asalaam aleikum wanajamvi.

Ninamsomesha binti mmoja wa kidato cha tatu hapa Lamu, biolojia, jioni baada ya sala ya magharibi. Tumefika kwenye ikolojia, mahali panapozungumzwa mikakati ya kuzaana. Daftari lake lina jedwali la safu mbili. Safu ya kwanza ni r: viumbe wadogo, umri mfupi, wanazaa wengi, hawalei. Safu ya pili ni K: viumbe wakubwa, umri mrefu, wanazaa wachache, wanalea. Panya na mbu huku, ndovu na binadamu kule. Amelihifadhi lote na hakwami popote. Kisha akaniuliza: kasa anaingia safu ipi?

Nimefungua uzi huu kwa sababu ya swali hilo. Naona jedwali lile, likifundishwa peke yake, linamnyima mtoto somo lenyewe.

Mtazameni kasa wetu, yule wa kijani. Jike hupanda ufukweni usiku, huchimba, hutaga mayai yapata mia moja au zaidi kidogo, huyafukia kwa mchanga, huyo anarudi baharini. Msimu mmoja hurudia mara kadhaa. Mayai hukaa mchangani kama miezi miwili, na hata jinsia ya makinda huamuliwa na joto la mchanga: ukipita nyuzi 29 hivi, majike huwa wengi kuliko madume. Mama hayupo. Hajui nani kaanguliwa na nani kaliwa na kaa. Kwa hesabu hiyo ni wa safu ya r moja kwa moja.

Lakini kasa huyo huyo huchukua miaka 20 na zaidi kabla ya kutaga yai la kwanza. Huishi miongo mingi. Akishataga msimu huu, hupumzika miaka miwili au zaidi ndipo arudi. Kwa hesabu hii ni wa safu ya K. Mtoto afanye nini? Akate kasa vipande viwili?

Mimi nilichofanya ni kuchukua bao. Bao letu lina kete 64. Nikamwambia: wewe ni mama, hizi kete 64 ndizo nguvu zako zote za kuzalia msimu huu, huna nyingine. Unaweza kupata watoto 64, kila mmoja ukampa kete moja. Unaweza kupata wanne, kila mmoja ukampa kete 16. Gawa utakavyo, lakini hutazidisha.

Mchezo wa kwanza: bahari inamdai kila mtoto kete mbili, na asiyeweza kulipa anakufa. Wale 64 wote wanakwisha. Wale wanne wote wako hai, kila mmoja na kete 14. Akafurahi, akasema basi wachache ni bora.

Mchezo wa pili: bahari haidai kete, bahari haichagui. Kila mtoto anarushiwa sarafu mara mbili, na asipopata kichwa mara zote mbili ameliwa, awe na kete moja au 16. Kati ya 64 watabaki kama 16. Kati ya wanne atabaki mmoja, na karibu mara moja katika kila michezo mitatu hatabaki hata mmoja. Akanyamaza, akaomba turudie. Tumerudia sana, na sikumwambia jibu.

Alichokitoa mwenyewe ni hiki: kabla hujauliza mama azae wangapi, uliza watoto wanakufa kwa nini. Ikiwa ukubwa na nguvu humwokoa mtoto, zaa wachache uwape vingi. Ikiwa kifo hakiangalii ukubwa, tawanya wengi. Kinda la kasa, hata lingezaliwa mara mbili ya ukubwa wake, bado ni tonge kwa kunguru, kaa, chewa na papa. Mama hana namna ya kulisaidia.

Swali la pili nikamwongezea mimi: je, mama mwenyewe ana kesho? Kasa akishakuwa na gamba lake kubwa, wachache baharini wanaweza kumla. Ana kesho nyingi. Kwa hiyo hana haja ya kumaliza nguvu zote msimu mmoja. Mwaka huu viota vikizama kwa bamvua, yuko miaka mingine. Wingi wa mayai na urefu wa umri havipingani tena, kila kimoja kinajibu swali lake: kifo cha mtoto kiko wapi, kifo cha mzazi kiko wapi.

Nataka kusikia wenzangu mnafundishaje hili, hasa mlioko Malindi na Watamu ambako watoto wanaona viota kwa macho.

---

Mama_Mambrui

Maalim, Mungu akuzidishie. Mimi ni mzazi, si mwalimu. Wasiwasi wangu ni mtihani. Mtihani utamwuliza "taja sifa nne za viumbe wa r" na atakayesahihisha anataka sifa nne. Mtoto akianza kueleza bao na sarafu, nani atampa alama? Wangu alieleza vizuri kwa maneno yake akapata sifuri, na jirani yake aliyekariri akapata zote. Tusiwafundishe watoto wetu hekima itakayowakosesha chuo.

---

Chipukizi_Kilifi

Nasoma ikolojia chuoni, nitachangia upande wa historia maana unamsaidia Maalim.

Herufi r na K zinatoka kwenye hesabu ya jinsi idadi ya viumbe inavyokua, iliyoandikwa na Mbelgiji Verhulst mwaka 1838. r ni kasi ya kuongezeka pale nafasi na chakula vipo tele. K ni idadi ambayo mazingira yanaweza kuibeba. Robert MacArthur na Edward Wilson mwaka 1967, wakichunguza viumbe wanaohamia visiwani, walisema: kisiwa kikiwa kitupu anayeshinda ni anayezaliana haraka, kisiwa kikijaa anayeshinda ni anayeweza kuishi kwa kidogo katikati ya msongamano. Fikra yao ilihusu msongamano. Kuzaa wengi au wachache kulikuja kama matokeo tu.

Jedwali la safu mbili aliloliona binti limekaribia sana lile la Eric Pianka la 1970. Lilienea kwa sababu ni rahisi kulichora ubaoni. Kufikia 1977 Stephen Stearns alikuwa ameshapitia ushahidi na kuonyesha kwamba viumbe wengi hawakai kwenye safu hizo. Mwaka 1992 Winemiller na Rose walipowachunguza samaki wakapendekeza pembe tatu badala ya ncha mbili: wadogo wanaozaa haraka na mara nyingi, wakubwa wanaotaga mayai mengi mno kwa vipindi, na wale wa mayai machache wanaoyatunza. Kasa wa Maalim anafanana na wale wa pembe ya pili, ingawa si samaki.

Kwa hiyo Mama, Maalim hafundishi uzushi. Anafundisha mahali elimu ilipofika.

Na hiyo habari ya "wadogo wanazaa wengi" tunayo dawa yake msituni Arabuko-Sokoke, hapo nyuma ya Malindi. Yuko sengi wa kiuno cha dhahabu, mnyama wa pua ndefu, uzito wake nusu kilo na kidogo. Kwa umbo ungemtia kundi la panya. Lakini huishi wawili wawili, dume na jike kwenye eneo lao, na jike huzaa mtoto mmoja tu kwa mara. Panya wa ukubwa huo angejaza shimo.

---

Mvuvi_Kizingitini

Nimesoma yote. Mimi ni mtu wa pweza. Nina swali na nina ushahidi.

Pweza jike huku Pate akitaga hujifungia tunduni kwenye mwamba. Mayai yanakuwa mengi mno, yananing'inia kama vichane. Hatoki kuwinda. Anayapulizia maji, anayasafisha, anafukuza kila kitu. Anakonda mpaka rangi inapotea. Mayai yakianguliwa naye anakufa. Sasa huyu anazaa wengi sana NA analea mpaka anakufa. Jedwali lenu linasemaje?

Na tena hukua upesi ajabu. Wengi hawafiki miaka miwili. Ndiyo maana miamba ikifungwa kwa makubaliano ya kijiji miezi michache tu, siku ya kufungua akina mama wanarudi na pweza mmoja mmoja mzito, tofauti kabisa na wale wadogo tuliozoea. Lakini chewa ukimfungia miezi hiyo hiyo huoni kitu. Wazee walisema chewa hana haraka. Nataka kujua kama ni jambo moja na hili mnalosema.

---

Maalim_Langoni

Ndugu yangu wa Kizingitini, ni jambo lile lile, na umelileta kwa upande ambao vitabu huuacha mwisho.

Pweza mlize yale maswali mawili. Mzazi ana kesho? Hana. Mwili laini bila gamba, kila chewa, mkunga na papa anamtaka, na sisi juu yake. Kujiwekea akiba kwa msimu wa pili ni kumwekea adui. Kwa hiyo hutumia kila alicho nacho mara moja. Watoto wanakufa kwa nini? Wakishaanguliwa wanachukuliwa na maji, wadogo kuliko punje ya mchele, na hapo hakuna ukubwa utakaowaokoa, ndiyo sababu mayai ni laki kadhaa. Lakini kabla ya kuanguliwa hatari ni uchafu, ukosefu wa hewa na samaki walaji, na hizo mama anaweza kuzizuia. Basi hulea palepale ambapo kulea kunafaa, na huacha pale ambapo hakufai.

Kuna jaribio la mwaka 1977 ambalo kila nikilisimulia darasani watoto hunyamaza. Jerome Wodinsky alichukua pweza majike wa Karibi waliokuwa wanaatamia, akawaondoa tezi mbili ndogo zilizo karibu na macho. Wale pweza waliacha mayai, wakaanza kula tena, wakaongezeka uzito, wakaishi muda mrefu zaidi. Maana yake kufa kwa pweza baada ya kutaga hakutokani na uchovu tu. Mwili wenyewe umepangiwa amri hiyo.

Mama Mambrui, hofu yako ni ya haki na siidharau. Ninachomfundisha binti ni hivi: ukiulizwa sifa nne, andika sifa nne kama zilivyo, usiongeze neno. Swali likisema "eleza" au "jadili", hapo ndipo utaje kasa na pweza, na useme kwa nini hawakai safu moja. Jedwali alijue. Lakini alijue kama anavyojua ramani ya mji huu, akijua kwamba vichochoro vingi havimo. Na kumbukumbu yenyewe imekuwa bora: sasa hachanganyi safu, maana anajua kila sifa imetoka wapi.

---

Chipukizi_Kilifi

Hili la kuzaa mara moja na kufa lina hesabu nzuri ambayo mwanafunzi wa kidato cha tatu anaiweza. Lamont Cole aliileta mwaka 1954 kama kitendawili.

Chukua mmea wa mwaka mmoja, unatoa mbegu 11 na kufa. Chukua wa kudumu, unatoa mbegu 10 kila mwaka na wenyewe unabaki. Mbegu zote zikiota, mwaka ujao kila upande una mimea 11. Wako sawa! Basi kwa nini mnazi uhangaike kuishi miaka yote ile, si afadhali utoe nazi moja ya ziada ufe?

Jibu walilitoa Charnov na Schaffer mwaka 1973. Mbegu haziishi zote. Tuseme katika kila 10 huota moja. Wa mwaka mmoja anabaki na 1.1. Wa kudumu anapata mche mmoja na yeye mwenyewe yupo, jumla 2. Ili wa mwaka mmoja amfikie, anahitaji mbegu 20. Kadiri watoto wanavyokufa zaidi na mzazi anavyosalimika zaidi, ndivyo kuishi kunavyolipa. Mpe binti abadilishe mwenyewe, moja katika 100, moja katika mbili, aone mizani inavyohama.

---

Dereva_wa_Malindi

Kwa mfano wa mmea unaozaa mara moja, apande gari tu hadi Vipingo. Mashamba ya mkonge yale. Mkonge hukaa miaka mingi unatoa majani, kisha siku moja unatoa shina refu la maua kupita nyumba, unajaza vichipukizi juu yake, unakauka. Nimepita njia hiyo miaka yote na sikujua kwamba ni habari moja na pweza.

---

Fundi_Matondoni

Nasi wa mikoko tuwemo. Lamu ndiyo yenye zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya.

Mkoko wenyewe, ule wa magondi, hauangushi mbegu. Mbegu inaota ikiwa bado juu ya mama. Unaona kitu kirefu cha kijani kinaning'inia kwa miezi, kingine kinapita nusu mita, ndicho mche tayari. Kikianguka maji yakiwa yametoka kinaweza kuchoma tope na kusimama, maji yakiwa yamejaa kinaelea kikatafute kwao. Mchu una njia nyingine: mbegu zake ni ndogo na nyingi, zimeota kidogo ndani ya ganda lakini hazitoki nje mpaka zianguke. Ndiyo maana pwani mpya ya tope utaona miche ya mchu imetapakaa kabla ya mingine.

Watu husema kulea ni kwa wanyama. Mkoko unanyonyesha, bwana. Mche ule umekula kwa mama mpaka umekuwa mrefu namna ile.

---

Maalim_Langoni

Fundi, nitampeleka binti aione. Mche wa mkoko ni yule mtoto wa kete 16: tope la chumvi linamdai kila mmoja, na asiye na akiba hasimami.

Sasa nirudi kwa chewa wa Mvuvi, kwa sababu hapa ndipo ninapotaka somo lifike.

Mwaka 1987 Deborah Crouse na wenzake walifanya hesabu ya kasa aina ya loggerhead wa kusini-mashariki mwa Marekani. Kwa miaka mingi nguvu zote zilikuwa zinakwenda kwenye kulinda viota. Wao wakahesabu kila umri: yai, kinda, mchanga, mkubwa. Wakaona kwamba hata kama kila yai lingenusurika, idadi ingeendelea kushuka, kwa sababu wachanga wakubwa na wazazi walikuwa wanafia kwenye nyavu za meli zinazovua kamba. Kiumbe ambaye amepangiwa kupoteza mayai mengi anaweza kuyapoteza. Hakupangiwa kupoteza wazazi. Hesabu hiyo ilisaidia sana kusukuma nyavu ziwekwe kilango cha kutokea kasa. Nasi tunayo Ghuba ya Ungwana baina ya Malindi na Lamu, yenye kamba, yenye meli za kukokota nyavu, yenye kasa.

Sisemi viota visilindwe. Ninasema tukimfundisha mtoto kwamba kasa ni "r, huzaa wengi", atadhani kasa mmoja mkubwa aliyekufa si hasara, wengine wapo. Kumbe aliyekufa ni miaka 20 na zaidi ya kunusurika, na wachache mno huufika umri huo.

Chewa ni hivyo hivyo. Huzaliwa jike, na wengine wakishakuwa wakubwa hugeuka dume. Ukiwavua wakubwa unamaliza madume. Na kwa samaki wengi jike mkubwa hutaga mayai mengi kuliko uzito wake ungedai: uchunguzi wa spishi nyingi uliotolewa 2018 ulionyesha kwamba jike mmoja wa kilo mbili kwa kawaida huwashinda majike wawili wa kilo moja moja. Kufunga mwamba miezi michache kunamtosha pweza. Chewa anataka mahali pasipovuliwa miaka na miaka, kama hifadhi za Malindi na Watamu zilizowekwa mwaka 1968.

Na nguva ndiye wa mwisho kabisa. Mimba yake hupita mwaka, mtoto mmoja, na baina ya mtoto na mtoto huweza kupita miaka mitatu hadi saba. Wazee hapa wanamkumbuka. Watoto wetu wengi wanamjua kwa hadithi. Kiumbe wa namna hiyo, majike wachache wakinaswa kila mwaka, basi hakuna kasi ya kuzaa itakayolipa deni.

---

Mama_Mambrui

Maalim nimekuelewa sasa, na nimemwita mwanangu asome uzi huu wote. Ameuliza kuhusu papa. Anasema papa ni samaki, kwa hiyo hutaga mengi. Ni kweli?

---

Chipukizi_Kilifi

Mwambie hapana. Papa wengi huzaa watoto hai, wachache, baada ya mimba ndefu, na huchelewa kukomaa. Kwa uzazi yuko karibu zaidi na nguva kuliko na dagaa, ingawa mtoto wa papa akishazaliwa hatunzwi na mtu. Ndiyo maana papa huisha haraka wakivuliwa sana. Mvuvi akipata mwenye mimba, amwachie.

---

Mvuvi_Kizingitini

Kijana, naheshimu elimu yako, lakini hapo hujakaa chomboni. Jarife, wavu wetu wa papa, hutegwa jioni, huvutwa alfajiri. Papa akinaswa saa nne za usiku, alfajiri ni maiti. Utamwachia nini? Mwenye mimba au asiye na mimba, kashakufa.

Kinachowezekana ni kutotega mahali wanapozalia na msimu wanaozalia. Papa wadogo tunawaona kwenye maji ya tope, midomoni mwa mito, Sabaki na Tana. Ukitega huko unavuta wale wa urefu wa mkono mmoja, wamejaa. Mahali panajulikana. Hilo lizungumzwe vijijini, na wenye meli waambiwe vilevile, maana sisi tukitoka wao wakiingia hakuna kilichookolewa.

---

Maalim_Langoni

Mvuvi umesema kweli, na nimeyanakili maneno yako kwenye daftari la somo. Wiki ijayo nitampa binti ramani ya ghuba, misimu ya kaskazi na kusi, na orodha hii: pweza, chewa, papa, kasa, kamba. Kazi yake itakuwa kusema kila mmoja afungiwe wapi, lini, na kwa muda gani, na atoe sababu kutokana na uzazi wake. Ukiwa na wakati, tuandikie papa wadogo mnaanza kuwaona mwezi gani huko midomoni mwa mito, ili ramani yake isiwe ya kubahatisha.

---

Mvuvi_Kizingitini

Nitauliza wa Kipini na Ngomeni kwanza, wao wako karibu zaidi. Nikipata nitaweka hapa hapa.